Rachael Ndanu, Mtunza Likizo Asiye na Likizo

Miaka ishirini na tisa imekwisha. Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Rachael Ndanu atazima kompyuta yake katika ofisi yetu ya Moi Avenue na kurudi kwake Mutuini akiwa mstaafu. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike jambo la kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1996 akipokea simu. Kompyuta zilipoletwa, alikabidhiwa likizo za walinzi wetu wote wanaokesha kwenye mageti ya Lavington na Loresho. Katika jedwali lake la Excel, ukijaza tarehe ya kuondoka na ya kurudi, fomula yenyewe inaruka Jumapili na sikukuu, inatoa siku zilizotumika, inaongeza za mwezi mpya na kukuonyesha zilizosalia. Soja akija kuulizia likizo yake, alijibiwa kabla hajavua kofia.

Kuna mwaka ilikuja kompyuta mpya yenye mazoea ya kutanguliza mwezi. Likizo ya mlinzi wetu Wesonga ya tarehe 4 Julai, iliyoandikwa 4/7, ikasomeka 7 Aprili. Julai ilipofika, Wesonga yuko kwao Butere akiezeka nyumba, huku ofisi inamwandikia barua ya utoro. Rachael alimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Tangu hapo kila mtu huandika mwezi kwa jina lake, hata meneja, na Wesonga bado anamletea ndizi.

Yeye mwenyewe hakwenda likizo. Siku zake alikuwa akizilimbikiza ili akakae Makueni na mama yake, aliyekuwa amepoteza macho. Kila alipoomba ruhusa, meneja wetu, Bw. Muigai, alimuuliza nani atafunga mwezi, yaani kukamilisha hesabu za likizo kila mwisho wa mwezi. Siku moja tukinywa chai aliniambia, “Mama ananiuliza kila siku nitakuja lini, na mimi namwambia tu, wacha nifunge mwezi.” Akacheka kidogo, akaenda kuosha kikombe.

Mwaka jana ikaja amri kwamba likizo isiyochukuliwa kufikia mwisho wa Desemba inapotea. Wa kuitia kwenye fomula alikuwa nani kama si yeye? Aliiandika vizuri, kama kazi zake zote. Akaivuta kutoka juu hadi chini, jina baada ya jina, na ilipofika kwenye mstari wake, jumla ya miaka yote ikawa sufuri. Akaendelea na mstari uliofuata. Februari mwaka huu mama yake akafariki. Kampuni ilimpa siku chache za kuzika, na aliporudi akazijaza mwenyewe kwenye jedwali.

Wengine watasema alijitolea. Mimi sioni la kushangilia hapo, na linaniuma. Maji yamemwagika, hayazoleki.

Asante, Rachael, kwa masoja wote uliowafikisha kwao kwa wakati. Tunakuombea mapumziko marefu asiyoweza mtu kuyafuta. Bw. Muigai ameshauliza kama utabaki na nambari ile ile ya simu. Mwisho wa mwezi tutakwama, na tutakupigia. Tafadhali, usishike simu.