Mfupa Ulioota Begani mwa Fundi Dari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi rangi mmoja. Watu walimwita Fundi Dari. Jina hilo hakujipa, alilipata kwa kazi. Dari za shule, za benki, za kumbi za harusi, zote alipaka yeye, na huoni alama ya brashi. Mdogo wake alipaka kuta na kumshikia ngazi.

Siku moja ngazi ikateleza kwenye sakafu yenye maji. Fundi Dari akaanguka, bega likavunjika. Akapasuliwa, akawekewa chuma, mfupa ukaunga vizuri. Lakini miezi ikapita, mkono ukagoma kupanda. Picha ikaonyesha mfupa mwingine umeota ndani ya nyama za bega. Naam, mfupa mpya kabisa, mahali pasipo pake! Daktari akamwambia asubiri mwaka mmoja, ukomae, ndipo ukatwe.

Mwaka huo dari zikaenda kwa mdogo wake. Fundi Dari akawa mshika ngazi.

Wivu ulimkaba, jamani, wala hakuuficha. Alikuwa akisimama chini, shingo juu, ananyoosha mkono ule mzima: "Pale umeruka. Na pale." Mdogo anajibu, "Sawa, kaka," kisha anapaka upya mahali pasipo na kasoro. Mteja akimsifu mdogo, kaka anakohoa. Kuna mama mwenye nyumba aliyemnyooshea mdogo kidole akauliza, "Huyu ndiye Fundi Dari mwenyewe?" Kaka alirudi nyumbani, akalala bila kula.

Mwaka ukaisha. Hospitali ikamwita, hakwenda. Ikamwita tena, hakwenda. Sisi tulidhani anaogopa kisu. Mkewe anatueleza: "Aliniambia, 'Mke wangu, sasa hivi nina kisingizio. Mkono ukipona, na yule bado akanizidi, nitauweka wapi uso wangu?'"

Wiki iliyopita homa ya mapafu ilimchukua. Mkono haukupanda tena.

Pale msibani mkewe alimwambia mdogo mtu siri hiyo. Mdogo akainama, akalia kwa sauti. "Shemeji," akasema, "mimi huko juu nilikuwa naogopa. Nilikuwa nangoja kaka apone, nishuke."

Mama mjane, watoto wa marehemu, na wewe mdogo mtu, poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, kuna mtu unamwonea kijicho? Nenda kamuulize leo kama anakipenda hicho alicho nacho. Hawa ndugu walifanya kazi kwenye ngazi moja, mmoja juu, mmoja chini, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.