Maisha ya Docteur Kahindo Charline, Aliyechunguza Ulinzi wa Kinywa

Padri wetu, majirani wa Majengo, nanyi nyote mliotoka mbali, familia inawaomba mtusikilize kidogo.

Docteur Kahindo Charline alizaliwa Kiwanja tarehe 9 Agosti 1967, binti wa marehemu muzee Kambere, mkulima wa maharagwe, na marehemu mama Apolline. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiwanja toka 1973 mpaka 1979, akapata diplome d'État ya kumaliza sekondari kwa masista wa Butembo mwaka 1985, kisha akasomea udaktari wa meno Kinshasa, akamaliza mwaka 1992. Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa na Papa Télesphore, mwalimu wa hesabu, wakabarikiwa watoto wawili, Christa, ambaye ni daktari wa meno kama mama yake, na Landry. Cabinet yake ya kutibu meno, hapa Majengo mjini Goma, aliifungua mwaka 1995.

Mwaka 2012, akiwa na miaka arobaini na tano, alipata bourse ya masomo, akaenda Toyama, Japani, ambako madaktari wa hospitali wanaandikia wagonjwa dawa za asili za mizizi na magome kama wanavyoandika vidonge. Huko alijifunza jambo lililomshika moyo, kwamba ufizi na mate vyenyewe vinatengeneza protini ndogo ndogo zinazoua vijidudu, kabla mtu hajameza dawa yoyote. Kwenye maabara aliona seli za ufizi, zilizotiwa maji ya mizizi ile, zikiongeza protini hizo, akampigia mume wake simu, akicheka na kulia pamoja.

Aliporudi mwaka 2014, mji mzima ulitaka dawa ya Japani. Mfanyabiashara mmoja, Papa Sikuli, alikuwa tayari kuitia kwenye chupa yenye picha ya Docteur, na mdogo wake Docteur, Benny, ndiye huyu anayewasomea, alimsukuma akubali. Alijibu, "Benny, ile niliona kwenye kisahani cha maabara, sikuiona kwenye kinywa cha mutu."

Basi toka 2016 mpaka 2018 alikusanya watu sitini na wanne wa mtaa wa Katoyi wenye ufizi unaotoka damu, kwa ruhusa ya wakubwa wa afya, nusu wakasukutua maji ya mizizi, nusu maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alitamani sana dawa ile ishinde, kila mtu nyumbani alijua. Haikushinda. Tarehe 24 Novemba 2018 alisimama mbele ya watu kwenye sale ya mikutano ya parokia, akasema, "Nimehesabu mara tatu. Mizizi na chumvi ni sawa sawa. Musinunue kitu kwa jina langu." Papa Sikuli alitoka bila kuaga, na Benny alikaa mwezi mzima bila kukanyaga kwa dada yake, jambo ambalo leo anaomba msamaha mbele yenu. Mwalimu wake wa Toyama alimwandikia kwamba jibu hilo nalo ni elimu, wakalichapisha pamoja.

Hakuvunjika moyo. Alizunguka mashule ya Katoyi akifundisha namna ya kupiga mswaki, kunywa maji na kutafuna vizuri, akiwaambia watoto, "Mate si uchafu, ni askari wenu."

Januari 2022 madaktari waligundua kansa ya damu. Matibabu ya Kigali yalimkausha kinywa, yakamjaza vidonda hata mchuzi ulimchoma. Christa alimpikia mizizi ile ya Japani, akainywa polepole, akasema, "Iko muzuri kwa koo, mwanangu, lakini musiandike kama iliniponyesha." Alituacha nyumbani kwake siku ya Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Papa Télesphore.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Goma na Kigali, majirani mlioteka maji na kupika, wenzake wa kazi, na ninyi wa Katoyi mliomkabidhi vinywa vyenu. Jumatatu cabinet itafunguliwa saa mbili asubuhi, Docteur Christa atapokea, kwa sababu mama ameacha watu kumi na mmoja kwenye cahier ya rendez-vous, daftari la wagonjwa aliowapangia siku, na aliagiza kwamba mutu mwenye jino linalouma asingojeshwe matanga yaishe.

Da Charline, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.