Kijumba cha Uani Kule Breda

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chipsi cha Godelieve, hapa Meerle, mwisho kabisa wa Ubelgiji, mpakani na Uholanzi. Ukipiga chafya kwa nguvu, Waholanzi wanaisikia. Asubuhi, kabla hajapasha moto mafuta ya kukaangia, Godelieve hutuletea birika la kahawa nasi tunaichambua dunia. Siku hiyo Staf alikuja kajiinamia, akaketi bila salamu. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake na jogoo. Binti yake Lore kaolewa na Mholanzi, Joost, wanakaa Breda, na uani kwao kuna kijumba kitupu. Jumapili walimuuliza kama angependa kuhamia. Staf anakitaka kijumba kile kuliko kitu chochote, kwa hiyo akajibu hapana. Sasa Lore kapiga simu: kesho kijumba wanampa mpangaji.

— Ile hapana ya kwanza ni salamu tu, Staf alilalamika. Unasema hapana jamani, nitawasumbua. Wanakubembeleza. Unakataa tena, lakini kwa sauti ya chini. Ndipo unakubali. Mtu mwenye adabu anajibuje vingine?

Hakuna aliyebisha. Kwetu hata ukiwa na njaa, kipande cha keki hukipokei mpaka umekikataa vizuri.

— Joost akasemaje? nikauliza.

— Akasema, sawa, tumekuelewa. Akaenda kukata majani.

Tukaguna wote. Nest akajiweka sawa kwenye benchi. Tunamwita Balozi kwa sababu aliwahi kufanya kazi kiwandani ng'ambo kwa miezi kadhaa, na tangu hapo anaisemea Uholanzi nzima.

— Ni ubahili, mzee. Mholanzi haulizi swali moja mara mbili. La pili ni hasara. Kwao unapewa kahawa na biskuti moja, halafu kopo linafunikwa mbele ya macho yako.

Godelieve alikataa. Kwa maoni yake tatizo ni mapazia. Wale watu hawafungi mapazia hata usiku, sebule yote iko wazi kwa mpita njia. Mtu aliyezoea kuonekana mpaka ndani, alisema, hawezi kujua kwamba mwenzake kaficha kitu kifuani.

— Mapazia ni matokeo, Balozi akamkatiza. Chanzo ni bahari. Wanaishi chini ya usawa wa bahari wale. Maji yakitoboa ukuta wa kuzuia bahari, jirani anakuuliza, nije kukusaidia? Ukijibu hapana, usijisumbue, na akikuamini, umekufa. Wenye adabu wote walizama zamani. Hawa waliobaki ni wajukuu wa waliosema ndiyo hapo hapo.

Ilituingia sana hiyo. Nikaona nisiachwe nyuma, nikaleta yangu: sisi tumepitiwa na kila jeshi la Ulaya, na askari akikuuliza kama una kuku, unasema hapana huku kuku analia nyuma yako. Ndivyo tulivyozoea.

— Mimi siulizwi habari za kuku, Staf alisema. Nataka kijumba. Na lugha yetu si ni moja? Wao wananielewa kila neno.

— Hapo ndipo penye balaa, alisema Balozi, ingawa hakutuambia kwa nini.

— Joost namsamehe. Lakini Lore? Lore kalelewa na hapana zangu. Anazijua zote.

Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, maana simu ilikuwa mfukoni mwake. Nilipomwambia apige, aliona haya: aseme nini, kwamba alimdanganya mkwewe? Godelieve akashauri augue kidogo. Balozi akashauri aende Breda akisifie kijumba mpaka waulize tena. Mimi nilishauri ampeleke jogoo atangulie. Tulizidi kuchanganyikiwa, na kahawa ilizidi kupungua.

Ndipo akatokea Hanneke, mama yake Joost, juu ya baiskeli, kamletea Staf koti alilolisahau Jumapili. Aliketi bila kukaribishwa, akauliza tunabishania nini. Balozi hana kifua. Alimwaga yote, pamoja na waliozama. Hanneke hakucheka. Alitaka kuhakikisha kwamba kwetu hapana si hapana, nasi tukamthibitishia kwa fahari. Kisha akamgeukia Staf.

— Staf, unataka kukaa kwenye kile kijumba?

Godelieve aliacha kumimina. Staf alilishika koti kwa mikono miwili. Nilikuwa na hakika atakataa. Midomo yake tayari ilikuwa imejipanga.

— Ndiyo, alisema. Nakitaka. Nyumba yangu imenishinda, Hanneke.

Hatukumtazama usoni. Hanneke akawa anawaza, na nikaona jinsi anavyojitahidi, maskini, kutufuata kwa adabu zetu wenyewe. Asingetaka kukosea mara ya pili.

— Na Mbelgiji akisema ndiyo papo hapo, aliuliza, ana maana gani?

Godelieve alinitazama mimi. Nilitafuta katika ukoo wangu mzima mtu aliyewahi kufanya hivyo, sikumpata.

— Sijui, Staf alimwambia, akijifuta macho kwa mkono wa koti. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza.