Gurudumu la Binti wa Fundi Spoku

Kijiwe kilikuwa nje ya kibanda cha Fundi Spoku, mtengeneza baiskeli, na siku hiyo jirani yake Kinyozi aliigeuza televisheni itazame barabarani. Binti wa Spoku ni mwendesha baiskeli wa kulipwa ng'ambo, na leo kwenye mashindano alikuwa mbele kabisa, yeye na nahodha wa timu yake tu, wenzao wote wameachwa huko nyuma. Kumbe! Karibu na mwisho nahodha akapata pancha. Binti akashuka, akachomoa gurudumu lake la mbele, akampa. Kahawa ikampoa Spoku mkononi.

— Silika hiyo, alisema Daktari Ng'ombe, aliyestaafu kuchanja mifugo lakini hajastaafu kueleza. — Hao ni nyumbu. Wa mbele anakata upepo, wengine wanajibanza nyuma yake.

— Nyumbu gani anampa mwenzake mguu? akauliza Kinyozi.

— Hujakutana naye tu.

— Hao ni nyuki, bwana, alisema Kinyozi. — Nahodha ndiye malkia. Wengine kazi yao kumbebea chupa za maji.

— Nyuki na chupa wapi na wapi?

— Wa kulipwa hao.

— Mwanangu si mdudu! alifoka Spoku. Alikuwa na uchungu, na haya pia, maana asubuhi aliutangazia mtaa mzima kwamba leo ni leo.

— Usikasirike, ndugu yangu, alisema Daktari. — Sisi tunachunguza tu. Wale wanakojoa bila kushuka. Kitaalamu hilo linawasogeza kwa ng'ombe.

— Na magari yanayowafuata? akauliza Kinyozi.

— Tembo jike. Ndiyo yanayobeba chakula.

— Haya, na aliyetoa gurudumu?

Daktari akanywa funda, akatafakari.

— Huyo ni mkia wa mjusi. Unaachwa njiani, mwili unaokoka. Wala hauumii sana.

— Mwanangu mkia?

— Mkia muhimu, Spoku.

Kwenye televisheni nahodha alivuka mstari mikono juu, akakumbatiwa, akapewa maua. Spoku akageuza uso.

— Ningejua, ile nati ningeikaza mimi mwenyewe, asiifungue kiumbe yeyote.

Hapo akatokea mkewe, anatoka kazini, aproni bado kiunoni.

— Nani kashinda?

— Nahodha, shemeji, alisema Kinyozi. — Lakini kwa gurudumu la binti yenu! Tulikuwa tunajadili kama ni nyuki au…

— Na mwanangu? Kafika?

Kinyozi akatazama televisheni. Lilikuwa tangazo la sabuni. Spoku akajaribu kukumbuka alimwona wapi mara ya mwisho: kasimama kando ya barabara, kashika baiskeli ya gurudumu moja. Tangu hapo hakuna aliyemtafuta kwa macho, hata yeye baba mtu.

— Nimeuliza, baba, alisema mkewe. — Kafika?

Spoku alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba ya binti yake.