Persida Aliyekataa Kulala Chini ya Bati

Marehemu Persida Cvetanović alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji cha Suvi Dud, karibu na Leskovac, mtoto wa tatu wa mzee Gradimir na Bi. Zagorka. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule akachunge kondoo. Jambo hilo hakumsamehe baba yake hadi leo tunamzika. Kusamehe hakukuwa fani yake.

Mwaka 1959 aliolewa na marehemu Tihomir. Siku alipoingia ukweni, mama mkwe alimpandisha ngazi apachike kati ya vigae mche wa mlinda-nyumba, ule mmea mfupi wa majani manene yenye maji. "Huu ukiwa juu, radi haitushiki," alimwambia. "Ukiung'oa, umetung'oa sisi." Persida aliutunza mpaka ukafunika pembe nzima ya paa. Alipofanya kazi katika kiwanda cha kusindika pilipili, aliweka majani yake mfukoni mwa aproni. Mwenzake akirukiwa na rojo la moto, alimkamulia jani huku akimfokea: "Nyamaza wewe! Ulidhani sufuria litakubusu?"

Mwaka 2012 mwanawe wa pekee, Radiša, alirudi kutoka Vienna. Mama akiwa sokoni, aling'oa vigae, akaezeka bati jekundu, na mmea akautupa kwenye samadi.

"Mama, ni majani tu hayo! Nimekuwekea paa la kisasa!"

"Basi lala nalo wewe."

Alipiga magoti kwenye samadi akaokota miche iliyosalia. Alihamia jiko la uani, akaipanda juu ya paa lake, na nyumba kubwa hakuikanyaga tena, iwe theluji, iwe homa. Kila majira ya baridi Radiša alikuja kumbembeleza, akafungiwa mlango. Sisi ndugu wa Persida tulifurahi akifungiwa, wala hatuoni haya kusema.

Septemba hii, Persida akiwa hoi kwa maradhi ya mapafu, Radiša alikuja kumpikia pale uani pilipili zake za akiba ya majira ya baridi. Rojo likamuunguza mkono. Mama alijikokota hadi nje, akachuma jani kwenye paa lile fupi, akampaka taratibu mpaka maumivu yakatulia. Radiša akalia kama mtoto.

"Basi umenisamehe, Mama?"

"Mkono nimeutibu. Wewe bado."

Alifariki tarehe 4 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, bila kuongeza neno.

Ameacha mwana mmoja, mkwe Nevena, wajukuu wawili, na mdogo wake Jagoda anayesoma wasifu huu. Mungu ampokee Persida, apumzike kwa amani yake. Radiša atafute ya kwake.