Neno Alilomwambia Maiti

Basi la Haifa lilikuwa linapanda mlima Mzee Lipa aliposikia kitabu alichoandika cha maisha yake kikichambuliwa kiti cha mbele. Akajitia kusinzia. Mwandishi hasikii ukweli akiwa macho.

"Kwenye kambi ya Wanazi," alisema bibi mwenye kofia, "mwenzake wa kitandani anakufa, naye anachukua mkate wake. Miaka hamsini anajiita mnyama. Kwa lipi? Maiti hali mkate."

"Maiti gani?" akauliza jirani yake, mgeni kwake, aliyepakata kabichi. "Nimekisoma hicho. Anamwambia nini akiuchukua?"

"Si anamwomba radhi? Nasi Wayahudi maiti wetu tunawaomba radhi."

"Tunamwomba kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Huyu kasema, 'Nyamaza.' Mwenzangu, nimeosha maiti miaka thelathini. Wasumbufu wapo, lakini sijapata kumnyamazisha hata mmoja."

Mwenye kofia alikifunga kitabu. "Kwa hiyo mwenzake alikuwa hai bado, na mzee wa watu mwongo?"

"Alikuwa na njaa, na waliomtia njaa tunawajua. Mkate namsamehe, hata mimi ningeuiba, tena mapema. Lakini kurasa mia tatu, mpaka mbwa wa mlinzi ana jina, huyo mwenzake hana?"

"Kamuulize mwenyewe basi."

"Wakifa ndio huletwa kwangu, na hapo hawajibu."

Basi lilisimama. Mabibi walishuka, bado wanabishana. Kituo kilikuwa cha Mzee Lipa pia, lakini hakuinuka. Alikiinamia kile kiti kitupu cha mbele, akasema polepole, "Hershl, mwana wa Mendel."