Mama Vioo Aliyegoma Kusaini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, idara ya kemia inaagana na mwalimu wake wa ulinganifu wa molekuli. Ni idara ileile ambayo kwa miaka yote hiyo haikujua vizuri anafundisha nini. Kwenye kikao kimoja mkuu wa idara alilieleza somo lake kuwa ni kugeuzageuza vijiti. Wajumbe wakacheka, na katibu akaandika hivyohivyo.

Wanafunzi walimwita Mama Vioo. Kipindi cha kwanza aliingia na viazi, vijiti vya meno na kioo cha mkobani, akamtaka kila mmoja aunde molekuli ya maji, kisha atafute njia zote za kuizungusha au kuikata kwa kioo ikabaki vilevile. Wengi walipata tatu wakajiona wamemaliza. Ya nne, aliwaambia, ni kuiacha kama ilivyo, jambo linalowashinda watu wazima wa jengo hili. Kwa hesabu hiyo, iitwayo nadharia ya makundi, alitabiri kwa penseli tu molekuli itachora vilele vingapi kwenye karatasi ya mashine ya infraredi, ile inayoipima kwa mwanga usioonekana.

Mashine yenyewe ilipofika, wakubwa walipiga nayo picha. Miezi miwili baadaye mkuu akatangaza kwamba ametengeneza kampaundi ya platini ambayo klorini zake mbili zimekaa upande mmoja. Klorini zikikaa hivyo, vifungo vyake hutoa vilele viwili. Zikikaa mkabala, kimoja tu. Karatasi ya mashine ilikuwa na kimoja. Mama Vioo alimwambia mkuu, kwa upole na mbele yetu sote, kwamba alichopata ni pacha wa kile anachokitangaza. Mkuu akajibu kuwa mashine bado haijazoea hali ya hewa. Ripoti ikaandikwa kwamba kilele cha pili kipo, ila kimejificha. Tulikitetea kama mtoto wa bosi.

Yeye aligoma kusaini. Nafasi ya ukuu wa maabara ilikuwa wazi mwezi huohuo, na kila mtu alijua ni zamu yake. Alipewa mwingine, mwepesi wa kalamu. Mama Vioo akahamishiwa chumba cha nyuma ya stoo, akafundisha humo miaka kumi na moja. Mumewe alimuuliza si angesaini tu, mama watoto, yaishe. Akamjibu kwamba molekuli haisomi ripoti.

Mwaka uliofuata maabara nyingine ilirudia kipimo ikapata kilele kimoja. Ripoti ikaondolewa kimyakimya. Hakuna aliyekwenda nyuma ya stoo kuomba radhi, na mwepesi wa kalamu bado anakalia kiti.

Kwenye sherehe mkuu atatusomea hotuba kuhusu uadilifu, nasi tutapiga makofi, maana hilo tunaliweza sana. Jarida la idara liliniomba niandike pongezi tamu zenye vichekesho. Nimejitahidi. Lakini ripoti ile ilikuwa na sahihi tano, na ya nne ni yangu. Wewe, mwalimu, ndiye uliyenifundisha kuhesabu vilele. Siku ile nilihesabu kimoja, nikaandika viwili.

Asante kwa kila darasa. Idara inakutakia afya, furaha na wajukuu wasumbufu. Mimi nakuomba msamaha, ambao nilipaswa kuja kuuomba chumbani kwako miaka kumi iliyopita.